Kilaini kiendeshe, kigumu kiendeshwe: nilivyoipa drili yangu mwendo wa kubadilika

Gurudumu langu la kwanza la kuiendesha drili kwa msuguano liliishi siku tatu. Halikupasuka wala halikuchomoka, lilifanya bapa. Sehemu moja ya mzingo wake, upana wa kidole hivi, ililika ikawa tambarare kama kisigino cha kiatu kikuukuu, na kila ilipopita kwenye diski mashine nzima iliruka: tak, tak, tak. Nilizima mota, nikakalia ndoo iliyokuwa karibu, nikalitazama.

Chanzo cha yote ni uvivu. Drili yangu ya mezani ina puli mbili za ngazi. Ukitaka kubadili mwendo unafungua kifuniko, unalegeza mota, unahamisha mkanda, unakaza tena. Kwa tundu moja si kitu. Kwa kazi inayoanza na biti ya milimita 4 na kuishia na ya 16, tena kwa vipande ishirini, ni adhabu. Matokeo yake nilikuwa sibadili. Biti kubwa niliizungusha kwa kasi ile ile ya biti ndogo, ikalia, ikatoa moshi, makali yakageuka rangi ya buluu, nami nikaenda kuyanoa upya.

Najua kuna vifaa vya kielektroniki vya kupunguza kasi ya mota. Lakini mota yangu ni ya fezi moja, wati 370, mizunguko kama 1,400 kwa dakika, yenye kapasita na swichi ya ndani inayokata koili ya kuanzia mota ikishashika kasi. Ukiipunguza mno, swichi ile inarudi, na koili isiyotakiwa kufanya kazi zaidi ya sekunde chache inabaki na umeme hadi iungue. Nikaamua mota izunguke vile ilivyozaliwa, mabadiliko yafanyike nje.

Njia rahisi kuliko zote ni msuguano, na kila mtu ameshaiona bila kuipa jina. Dainamo ya baiskeli inazungushwa na tairi kwa kulibana tu. Kigurudumu cha raba kinachojaza uzi kwenye bobini ya cherehani ni hicho hicho. Ili kasi iweze kubadilika, unachukua diski bapa inayozunguka, unasimamisha gurudumu juu ya uso wake, halafu unalisogeza kati ya ukingo na kitovu. Karibu na ukingo uso wa diski unakimbia, kwa hiyo gurudumu linakwenda mbio. Karibu na kitovu uso unatambaa. Katikati kabisa ni sifuri, na ukivuka kitovu gurudumu linarudi nyuma. Huhitaji gia wala klachi. Marekani kulikuwa na magari yaliyokwenda hivyo, Cartercar, ya Byron Carter. General Motors iliinunua kampuni hiyo mwaka 1909, na kufikia 1915 magari hayo yakaachwa. Mashine za kusukuma theluji na baadhi ya mashine za kukata nyasi zinatumia mfumo huo mpaka leo.

Nikaunda hivyo hivyo. Diski ya kipenyo cha milimita 240 nikaifunga kwenye mota. Gurudumu la kipenyo cha 120, nililolivisha raba iliyokatwa kutoka tairi, nikaliweka kwenye shafti ya pili, na kutoka hapo mkanda juu ya puli mbili zilizo sawa hadi kwenye drili. Gurudumu likiwa milimita 100 kutoka kitovuni nilipata mizunguko 2,333 kwa dakika, likiwa 20 nikapata 467. Bila mzigo ilipendeza kama kitu cha kuchezea. Nilikuwa nasukuma mpini tu nasikia sauti ikipanda na kushuka.

Kisha nikaweka biti ya 16 na kipande cha chuma. Biti ikang'ata, drili ikasimama, mota ikaendelea kuvuma kama vile haihusiki. Harufu ya raba ikajaa chumba.

Nilidhani springi ni dhaifu, nikaikaza. Ikashika kidogo zaidi, na harufu nayo ikaongezeka. Hapo ndipo nilipogundua kosa la kwanza, upana. Raba yangu ilikuwa na upana wa milimita 25, nikiamini kwamba upana zaidi ni mshiko zaidi. Lakini gurudumu likisimama milimita 20 kutoka kitovuni, upande wake wa ndani unagusa diski kwenye 7.5 na wa nje kwenye 32.5. Uso wa diski upande wa nje unakwenda kasi zaidi ya mara nne ya upande wa ndani, na gurudumu ni moja, haliwezi kutii wote wawili. Sehemu kubwa ya raba ilikuwa inasugua badala ya kubiringika. Ule moshi nilikuwa nimeuunda mwenyewe kwa kipimo.

Nililipunguza gurudumu hadi milimita 10. Joto likapungua sana. Siku ya tatu likafanya bapa.

Kuna fundi mkereza, mtu mzima, ambaye humpelekea kazi zinazonishinda. Nilimpelekea gurudumu lile ndani ya mfuko, kwa aibu kidogo. Alilizungusha mkononi, akapitisha kidole kwenye bapa.

"Hapa nani anamsukuma mwenzake?"

"Diski ndiyo iko kwenye mota, mzee. Inasukuma gurudumu."

"Basi ndiyo hiyo. Biti ikikwama, gurudumu linasimama, sivyo? Diski je, inasimama?"

Haisimami. Inaendelea kusaga raba pale pale ilipoigusia, sekunde baada ya sekunde, mpaka mtu azime. Akanirudishia gurudumu akasema, "Kilaini kiendeshe, kigumu kiendeshwe." Kilaini kikikaa kwenye mota, hata mzigo ukigoma chenyewe kinaendelea kuzunguka, kwa hiyo kinalika mduara mzima sawasawa, na chuma kilichosimama hakidhuriki.

Nilibisha. Nikigeuza, gurudumu liendeshe na diski iendeshwe, napoteza sifuri na napoteza rivasi, ule uzuri wote wa kuvuka kitovu.

"Drili inarudi nyuma kwenda kutafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Gari linahitaji rivasi, ndiyo maana wale wa Cartercar walikubali kuendesha gurudumu lenye ukingo wa nyuzinyuzi za karatasi kwa diski ya chuma, bapa au si bapa. Mimi nilikuwa nimeiga suluhisho la tatizo ambalo sina.

Usiku ule nilikaa na karatasi, na hapo nikakuta jambo ambalo mzee hakulisema, pengine kwa sababu kwake ni dhahiri. Mtu aliyezoea gia anatarajia kasi ikipungua nguvu ya kusokota iongezeke. Kwenye mpangilio wangu wa kwanza haikuongezeka hata chembe. Gurudumu linaloendeshwa linapata kani ya msuguano peke yake, ambayo ni mbano mara kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha vitu viwili vinashikana kiasi gani, na kani hiyo haijali gurudumu liko wapi juu ya diski. Springi yangu ilibana kwa nyutoni 200. Kwa raba juu ya chuma nilichukua 0.4 ili nisijidanganye; hiyo ni kani ya nyutoni 80. Ikizidishwa kwa nusu kipenyo cha gurudumu, mita 0.06, unapata nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 4.8. Iwe mizunguko 2,333 au 467, kikomo ni 4.8. Mota ilikuwa na uwezo wa kutoa zaidi, lakini gurudumu likiwa karibu na kitovu ilihitaji kusukuma kwa nyutoni 126 ili itoe wati zake zote, na mguso wenyewe ulistahimili 80 tu. Ndiyo maana ilivuma bila wasiwasi.

Geuza sasa. Gurudumu dogo, nusu kipenyo milimita 30, liko kwenye mota. Mzingo wake unakwenda mita 4.4 kwa sekunde siku zote, popote lilipo. Wati 370 kwa mwendo huo ni kani ya nyutoni 84, siku zote. Likigusa diski kwenye milimita 110 kutoka kitovuni, diski inazunguka mara 382 kwa dakika na inapata nyutoni-mita 9.2. Likigusa kwenye 35, ni mizunguko 1,200 na nyutoni-mita 2.9. Yaani polepole kwa nguvu, haraka kwa wepesi, na hivyo ndivyo biti zinavyotaka. Kipimo kinachobaki cha kuogopa ni kitovu. Huko diski ingetakiwa ikimbie bila mwisho, kwa hiyo nilichomelea kizuizi kwenye 35, gurudumu lisipite.

Kuunda upya kulikuwa na mitego yake. Nilitamani kutumia diski ya breki ya gari kwa sababu imeshanyooshwa na ni nzito, lakini katikati yake ina kofia iliyoinuka inayokula nafasi yote niliyoihitaji. Nikakata bamba la chuma la milimita 12. Lilipofungwa kwenye shafti yake, geji ya mshale ilionyesha ukingo unayumba nusu milimita. Kwa macho huoni, kwa gurudumu ni mawimbi: linabanwa na kuachiwa kila mzunguko. Mzee aliikereza diski ikiwa imeshafungwa kwenye shafti ile ile itakayofanyia kazi, na mshale ukatulia chini ya 0.05. Nilimwomba pia auache uso laini, kwa sababu mistari mikali ya kukerezea ni tupa mbele ya kitu laini.

Mbano wa diski unasukuma shafti kwa urefu wake, tena kwa kuiinamisha, maana gurudumu halisukumi katikati. Zamani mzigo huo ulibebwa na beringi za mota na zilikuwa zinapata moto. Sikuwa nimejua kwa nini. Safari hii mota inasukumwa ubavuni tu, jambo ambalo beringi zake zimelizoea, na diski nikaikalisha kwenye habu ya gurudumu la mbele la gari, yenye beringi mbili za koni zinazotazamana. Zilitengenezwa kwa mateso makubwa kuliko haya.

Raba niliiacha. Inashika vizuri kuliko ngozi, lakini ikipata joto inang'aa juu na kuwa ngumu, na tone la mafuta linaiteketeza kabisa, na drili bila mafuta ya kukatia haiendi. Nilikata pete za ngozi nene ya mkanda wa zamani wa mashine, nikazigundisha, nikazibana kati ya washa mbili za chuma zenye kipenyo kidogo kuliko ngozi ili chuma kisije kikagusa chuma. Zikakauka siku mbili. Kisha nikawasha mota na kulisawazisha gurudumu kwa msasa uliogundishwa kwenye ubao hadi likafika kipenyo cha 60 na upana wa 8. Vaa kitu cha kuzuia vumbi; lile la ngozi halitoki kooni upesi.

Mota inakaa kwenye kitanda kinachoteleza juu ya fito mbili, ikisogezwa na skrubu ndefu yenye mpini. Springi inakibana kitanda upande wa diski, na kuna mkono mdogo wa kukiinua gurudumu lisiguse. Mkono huo ni klachi, lakini kazi yake kubwa ni usiku: gurudumu laini likiachwa limebanwa huku limesimama hujikunja pale pale. Waliotumia mashine za santuri zenye kigurudumu cha raba wanaujua mdundo ule. Na skrubu ile siizungushi wakati diski imesimama. Ikiwa inazunguka, gurudumu linasogea pembeni kama limepakwa sabuni; ikiwa imesimama unalikwangua tu.

Mbano niliupima kwa mizani ya kuning'iniza. Unaweka ukanda wa karatasi kati ya ngozi na diski, unavuta gurudumu kwa mizani, unasoma pale karatasi inapochomoka. Nilikaza hadi kilo 30, yaani nyutoni 300 hivi. Kwa ngozi juu ya chuma nilihesabu 0.3, kani ya 90, juu kidogo tu ya zile 84 za mota. Sikutaka zaidi. Biti ikikwama sasa, ngozi inateleza kwa mlio wa chini, nami napata muda wa kuachia mpini kabla kipande hakijanizungukia mkononi.

Biti ya 16 inapita. Kwenye kasi ya chini niliyoihesabu kuwa 382, takometa, kipimo cha mizunguko, inaonyesha 374 biti ikiwa inakata, mtelezo wa asilimia mbili ambao siutafuti tena. Vipande ishirini navimaliza bila kufungua kifuniko. Tatizo lililobaki ni mafuta yanayorukia diski. Kinga ya bati inazuia mengi, na jioni naifuta kwa kitambaa kikavu.

Karibu na mpini nilibandika kipande cha karatasi chenye alama za kasi. Juzi niliona zinadanganya. Nikapima gurudumu: limelika mduara mzima, bila bapa, kutoka milimita 60 hadi 58.4. Nikabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani.