Maneno Matano kwa Siku

Gari la kwanza kunisemesha Kijapani lilikuwa Probox nyeupe, ya jamaa anayebeba abiria kati ya Kisumu na Siaya. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na gereji yetu iko upande wa nyuma wa soko la Kibuye. Ukiwasha swichi ya gari lililotoka Japani, mara nyingi sauti ya mwanamke mpole husikika chini ya dashibodi, hutamka sentensi moja ndefu, halafu kimya. Fundi gani Kenya hamjui mwanamke huyo? Kawaida tunamkata waya asimkere mteja. Mimi nimemkata waya miaka minane. Siku hiyo mwenye Probox akaniuliza, "Fundi, anasema nini huyu?" Nikamjibu, "Anakusalimu." Akafurahi, akainamia dashibodi na kusema, "Asante, mama." Alipoondoka nilijiona tapeli.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza Kijapani.

Herufi hazikunisumbua. Hiragana ya msingi ni 46, katakana 46, na kwa wiki tano nilikuwa nazisoma, ingawa polepole. Matamshi nayo ni kama tumepewa bure: irabu ni zetu zilezile tano, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu kama ya Kiswahili. Pa kuangalia ni urefu tu. *Yuki* ni theluji, *yūki* ni ujasiri. Anayejua kwamba kukata si kukataa, na kufa si kufaa, haoni ajabu hapo.

Kilichonitoa jasho ni msamiati. Dholuo nilikikuta nyumbani, Kiswahili nikakiokota barabarani na shuleni, Kiingereza nilipigiwa mpaka kikaingia. Kijapani hakikuwa na pa kushika. Nikanunua daftari la kurasa 200, nikawa naandika kila neno mara hamsini. Mkono ulichoka na akili ikalala. Kufika neno la arobaini mkono ulikuwa unaandika wenyewe huku mimi nikiwaza altaneta ya mtu. Kesho yake nilikuwa nimesahau nusu, na nikaamini kichwa changu kimezeeka. Baadaye nilisoma kwamba Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua, na ukirudia kwa kuachanisha siku unashika vizuri kuliko ukirudia kwa mkupuo. Mara hamsini zangu zote zilikuwa za jioni moja.

Nikaweka programu ya kadi iitwayo Anki kwenye simu. Jina lenyewe ni Kijapani, maana yake kukariri. Unaona neno, unajaribu kulikumbuka, unageuza kadi, unaiambia programu kama ulipata au ulikosa. Ukipata, neno linapotea siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Ukikosa linarudi papo hapo. Kwa Android haitozi hata senti. Nilifurahi kama mtu aliyepata mkopo bila mdhamini, na kwa kweli ulikuwa mkopo.

Hakuna aliyeniambia hili, kwa hiyo naliandika kwa urefu. Programu ile huja ikiwa imepangwa kukupa maneno mapya 20 kila siku. Siku ya kwanza ishirini ni mchezo. Lakini kila neno jipya ni ahadi ya kulirudia kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Mwezi wa pili nilikuwa narudia kadi 180 kwa siku, na asubuhi yangu yote ndani ya matatu kutoka Mamboleo ilikuwa haitoshi. Nikaanza kubonyeza "nimepata" hata pale nilipokuwa nakisia. Kisha tukapata msiba upande wa mama. Mnajua matanga ya huku: unaenda kwa siku mbili, unarudi baada ya sita. Niliporudi, kadi zilizokuwa zikinisubiri zilipita 700.

Mtu mwenye deni dukani hupita njia ya nyuma. Nami nikaanza kupita njia ya nyuma ndani ya simu yangu mwenyewe. Naingia WhatsApp, natazama mpira, kale kapicha ka Anki nakaruka kwa jicho. Miezi minne ikaisha hivyo. Na bado nilikuwa nawaambia watu kwamba najifunza Kijapani.

Kilichonirudisha ni kijana tunayemfundisha kazi gerejini. Alikuwa ananitazama nikipanga bili ya mteja aliyeshindwa kulipa, akasema, "Mzee, si umkatie kidogokidogo, na usimuongezee kazi mpya mpaka amalize?" Nikamtazama. Jioni hiyo nikafungua mipangilio ya programu, nikaweka maneno mapya kuwa sifuri. Sikufuta rundo, nililipa kadi 60 kwa siku, na likiniuma nikilala. Wiki tatu zikapita kabla halijaisha, maana nyingi nilikuwa nimezisahau na zilirudi tena. Halafu nikaweka maneno mapya matano. Jumapili hakuna jipya. Na nikisikia tu habari ya msiba au safari, mapya nayafunga mapema kabla sijafunga begi.

Matano yanaonekana ni aibu. Lakini zidisha: ukitoa Jumapili, mwaka unapita maneno 1,500, na mtihani wa kwanza wa Kijapani, N5, kwa makadirio ya kawaida unahitaji kama 800. Mimi kwa ishirini zangu za kiburi sikuwa nimefika hata hayo 800, na hayo mengi yalikuwa ya kukisia.

Jambo la pili nililobadilisha ni chanzo cha maneno. Orodha ya tayari niliyopakua ilikuwa inanifundisha "balozi" na "maktaba" kabla ya "mafuta". Nikaifuta. Nikaanza kuokota maneno pale mkono wangu ulipo. Fungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani karibuni, utakuta kibandiko: *oiru kōkan*, kubadilisha oili, na tarehe. Miaka yote nilikuwa nadhani ile namba 28 ni ya mtambo fulani. Kumbe Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi ya mfalme wao, na huo ni mwaka wa enzi ya Heisei: unajumlisha 1988, unapata 2016. Ikiwa ni enzi ya Reiwa unajumlisha 2018. Neno *kōkan* sikulirudia hata mara kumi. Lilikaa siku nilipomwonyesha mteja mwaka ambao gari lake lilibadilishwa oili mara ya mwisho kule lilikotoka, naye akaniita profesa mbele ya wenzangu.

Vivyo hivyo *migi handoru*, usukani wa kulia, yaani gari letu la kawaida. Hapo nilipata funzo jingine kwa uchungu. *Migi* ni kulia, *hidari* ni kushoto, na kwa ujinga niliyaweka siku moja. Kwa miezi miwili nilikuwa najua kwamba moja ni kulia na jingine ni kushoto, ila lipi ni lipi, sijui. Maneno pacha usiyakaribishe siku moja. Nililifungia *hidari*, nikaacha *migi* ikae wiki mbili peke yake mpaka iwe mwenyeji, ndipo nikamleta mwenzake.

Na alama ya 電, *den*. Juu yake kuna alama ya mvua, na kale ilimaanisha umeme wa radi. Mtu wa Kisumu haelezwi zaidi: jioni wingu likitanda, mvua na radi huja pamoja, na stima hupotea dakika hiyohiyo. *Denki* ni stima, *denwa* ni simu, *densha* ni treni, *denchi* ni betri ndogo kama za tochi. Ya gari huitwa *batterī*, wala huhitaji kuikariri. Neno moja limezaa ukoo, kama kwetu soma inavyozaa somo, msomi na msomaji. Siku ya *den* nilivunja sheria yangu ya matano na sikujuta.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinakupa nafasi ya mbele ukiiona. Waingereza wana neno moja tu, sisi tuna mpunga shambani, mchele guniani na wali sahanini. Wajapani nao: *ine*, *kome*, *gohan*. Nilipopita Ahero na kuona mashamba yale ya mpunga, maneno matatu yakaingia kwa mkupuo. Kuhesabu nako kunawatesa wageni wengi, kwa sababu karatasi huhesabiwa kwa *mai*, vitu virefu vyembamba kwa *hon*, wanyama wadogo kwa *hiki*. Sisi tunaosema watu wawili, miti miwili, vitabu viwili, tutalalamikia nini? Ni ngeli, ila imehamia kwenye namba.

Vioja navyo vinasaidia, kwa kiasi. *Mimi* ni sikio. *Hara* ni tumbo, na hilo halihitaji maelezo. *Kaba* ni kiboko: ukikutana naye Dunga usiku ametoka majini kula nyasi, utajua kwa nini. Lakini maneno yanayokubali utani kama huu ni machache, na niliwahi kupoteza jioni nzima nikitunga kisa cha kukumbuka "wizara".

Pamoja na hayo yote, yapo maneno yanayokataa. Ukikosa kadi moja mara nane baada ya kuwa ulishaijua, Anki huitia alama na kuiita ruba, yule mdudu mnyonya damu. Jina limestahili. Ruba zangu nilizikata kwenye maboksi ya spea, Kijapani upande mmoja, nikawa nazitandaza mezani baada ya chakula. Mwanangu wa Gredi ya 6 anasoma Kiswahili kwa sauti, na mimi na mke wangu tunagombania kuipiga kadi kwa kiganja. Mke wangu hajui Kijapani wala hataki kukijua, lakini hapendi kushindwa, na leo anatambua kadi thelathini kwa umbo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Wajapani wana mchezo kama huu, mmoja anasoma na wengine wanadaka kadi, na jina lake ni *karuta*, kutoka *carta* ya Wareno. Ni Wareno haohao waliotuachia karata. Meli zilezile, neno lilelile, pwani mbili. *Karuta* sikuwahi kuisahau hata siku moja.

Kadi moja tu haijawahi kufika mezani. Mnyama dubu kwa Kijapani ana jina ambalo Mswahili hawezi kulitamka mbele ya mama mkwe, wala silitaji hapa. Mwanangu ameshamaliza *neko*, *inu*, *ushi* na *sakana*, na juzi akauliza, "Baba, na dubu?" Nikamwambia amalize *gohan* yake.

Desemba nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi kufanya N5. Nilipata 104 kati ya 180. Kupita ni 80. Ila kwenye kusikiliza nilipata 24 kati ya 60, na chini ya 19 ungeanguka hata kama kwingine umefaulu. Maneno niliyoyajua kwa macho yalipita masikioni kama matatu isiyosimama. Sasa kila kadi ina sauti, na naigeuza baada ya kusikia, si baada ya kusoma. Ningeanza hivyo tangu mwanzo. Leo asubuhi zilikuwa kadi 43, na zilikwisha kabla matatu haijafika Kondele.

Mwezi uliopita ile Probox ilirudi, altaneta imekufa. Nilipomaliza nikawasha swichi, na mama yule akaanza. *Kādo* niliitambua tangu zamani. *Imasen* ni ukanusho. *Sōnyū* haimo kwenye N5, nililitafuta makusudi kwa ajili yake. Nikamwambia mwenye gari ukweli: hakusalimu, anasema kadi haijaingizwa.

"Kadi ya nini?"

"Ya kulipia barabara kuu. Za huko kwao."

Akanyamaza kidogo, mkono juu ya usukani. "Kumbe siku zote namshukuru mtu anayenidai."

Nikachukua koleo nimkate waya. Akanizuia. "Mwache, fundi. Bora huyu anadai kwa upole."