Jumapili Mkongo Ulipokatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa zamu. Nilikuwa nimekaa ukumbini kwa mjomba, Magomeni, kompyuta mapajani, chai imepoa pembeni. Kundi letu la WhatsApp la viongozi wa koo, yaani timu za wachezaji katika gemu ya mtandaoni niliyoifanyia kazi, lilikuwa likichemka tangu alfajiri, maana vita vilikuwa vinafungwa usiku ule. Ilipopita saa nne asubuhi likanyamaza. Ujumbe wangu wa mwisho ukabaki na ile alama ndogo ya saa inayokuambia kwamba maneno yako bado hayajatoka mkononi mwako. Nikatoa laini moja nikaweka nyingine. Nikazima simu nikawasha. Nilipotoka nje nikamkuta jirani ameinua simu yake juu kama anaianika juani. Alitaka kumtumia mama yake picha. Ilikuwa Siku ya Mama Duniani.

Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba mikongo miwili ya intaneti iliyolazwa baharini, EASSy na Seacom, imepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Upande wa kaskazini Seacom ilikuwa imeshakatika tangu Februari kule Bahari ya Shamu. Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Simu za kawaida zilipiga, meseji zilikwenda, lakini chochote kilichotaka kuvuka bahari kilisimama.

Gemu yetu ilivuka bahari kila ulipoigusa. Seva zake zilikuwa Ulaya.

Nilikuwa msimamizi wa jamii ya wachezaji katika kampuni moja ya huko, tangu 2019. Waliniajiri baada ya kuniona naongoza koo mbili kwa mpigo na kuwatafsiria wenzangu matangazo bila kulipwa. Watu wakisikia kazi hiyo hudhani unashinda unacheza. Mimi nilikuwa nasoma. Asubuhi hadi jioni nasoma malalamiko, matusi, salamu, picha za skrini, sauti za dakika tatu za mtu anayeeleza namna alivyovamiwa usingizini. Nilijua nani hapatikani Ijumaa mchana, nani ana mtihani, nani amefiwa. Nilijifunza kumwelewa kijana wa Goma kwa Kiswahili chake na wa Eastlands, Nairobi, kwa Sheng yake, na kuwapatanisha walipodhani wametukanana. Naisema kwa moyo wote: niliipenda kazi ile. Mpaka leo sijaona shule bora ya kumjua mchezaji.

Sasa gemu yenyewe ilikuwa hivi. Unajenga kijiji, unajiunga na ukoo, mnapigana na koo nyingine. Usipoingia, kijiji chako kinaporwa. Na kila siku unayoingia unahesabiwa; mfululizo ukikatika unarudi sifuri, na zawadi zako zinashuka. Kanuni hizo zimetungwa ili mtu asikae mbali. Hazikuwa na nafasi kwa mtu aliyefungiwa mlango.

Mchana nikaanza kupiga simu. Nilikuwa na namba za viongozi kumi na mmoja kwenye daftari, zimeandikwa kwa kalamu, jambo ambalo mkuu wangu aliwahi kuniambia ni la kizamani. Wa kwanza kumpigia alikuwa mwalimu mmoja wa Tanga, mama mtu mzima, aliyekuwa na mfululizo wa zaidi ya mwaka mzima bila siku moja kupungua.

"Dada, mimi mfululizo si kitu," akaniambia. "Ila nina vijana ishirini na kitu wananitegemea niwapange usiku. Wanadhani nimewatupa. Utawaambia?"

Nikamwambia nitawaambia. Sikuwa na njia ya kuwaambia.

Jioni nikanunua vocha ya elfu ishirini nikampigia mkuu wangu kule Ulaya. Nilikuwa nimeandika hoja zangu kwenye karatasi ili nisipoteze sekunde: wasimamishe vita kwa ukanda wetu, wasihesabu siku ambazo mkongo umekatika, waweke tangazo ndani ya gemu kwa Kiswahili. Alinisikiliza vizuri, hilo sitamnyima. Kisha akaniambia wachezaji wa ukanda wetu ni wachache mno kusimamisha ligi ya dunia nzima, na kwamba kuna utaratibu wa majibu kwa watu wenye shida ya mtandao, niufuate. Nikajaribu kumweleza kwamba hapa hakuna mtu mwenye shida ya mtandao, ila nchi kadhaa zimetoka hewani kwa pamoja. Salio likakata katikati ya sentensi.

Nikakaa na ile simu. Kisha nikasikia kelele nje.

Mjomba na wenzake walikuwa kwenye bao, chini ya mwembe, kama kila Jumapili. Nilikulia kwenye sauti ile ya komwe zikigonga mbao, kwa hiyo nilikuwa sijawahi kuisikiliza. Siku hiyo, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikachukua kigoda nikakaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Leo kompyuta imekuachia?"

Waliokuwa wanacheza ni wawili. Waliosimama nilihesabu tisa. Mmoja aliyesimama alikuwa anahesabu kete kwa sauti ili kumvuruga mpinzani. Mwingine alikuwa mwamuzi bila kuteuliwa na mtu. Kijana wa bodaboda alikuwa anafundishwa na mzee wa pembeni kwa nini usiivunje mapema nyumba yako, lile shimo kuu la upande wako, na mzee alikuwa anamwonyesha kwa kidole, polepole, bila kugusa ubao. Mtu akienda kuswali, akirudi anauliza "nani kala?" na anaelezwa mchezo wote tangu alipoondoka. Hakuna aliyeporwa kwa sababu alikwenda kuswali.

Nimefanya kazi ya jamii za wachezaji miaka mitano, na hapo kwenye kigoda ndipo nilipoliona jambo lililokuwa machoni pangu siku zote. Kijiwe kile kilisimama kwa sababu ya wale tisa. Na katika gemu yetu, wale tisa hawakuwa na mahali pa kusimama.

Usiku sikulala. Niliandika nyuma ya karatasi ile ile ya hoja zangu: watu wawili, simu moja, bila intaneti, na mtu wa tatu awe na la kufanya.

Intaneti ilirudi kwa kuchechemea katikati ya wiki. Nilipoweza kufungua foleni ya malalamiko nilikuta mamia ya ujumbe wa watu wetu, yaliyotumwa kila mtandao ulipopumua kidogo, na yote yalikuwa yamekwisha kujibiwa na mashine. Jibu lilikuwa moja: "Tafadhali hakikisha kifaa chako kimeunganishwa na intaneti, kisha ujaribu tena. Furahia mchezo!"

Sentensi hiyo niliitafsiri mimi, wiki yangu ya kwanza kazini. Nakumbuka nilivyohangaika na neno "kifaa". Nilikuwa nimeridhika nayo kabisa.

Niliisoma kwenye mazungumzo ya mwalimu wa Tanga. Chini yake alikuwa amejibu neno moja tu: "Asante."

Nikampigia kumwomba radhi. Akanicheka kwa upole, akasema ukoo umebaki na watu saba, wengine wamehama, ndiyo maisha. Nikamweleza wazo la kwenye karatasi. Akauliza maswali ambayo mpaka leo ndiyo nguzo za kazi yetu: Itachukua nafasi kiasi gani kwenye simu? Itakula bando? Mwanafunzi asiye na simu atachezaje? Nikaandika yote kwenye daftari, chini ya namba yake.

Mwisho wa Juni niliacha kazi. Mambo ya kusajili kampuni, BRELA na TIN, nitayapita, yalikwenda kama yanavyokwenda. Tulikuwa watatu: mimi, programa niliyemjua kutoka kwenye koo zangu za zamani, na mchoraji kutoka Unguja. Ofisi ilikuwa ukumbi ule ule wa mjomba. Tulichagua Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu haina ada ya leseni. Septemba 2023 wenye Unity, programu nyingine ya aina hiyo, walikuwa wametangaza ada ya kila gemu inaposakinishwa, na ingawa waliilegeza baada ya watengenezaji kuja juu, programa wetu alikataa katakata kujenga tena kwenye kiwanja cha kupanga.

Gemu tuliyoanza nayo ilikuwa bao la kwenye simu, na bao lilimtoa jasho. Mashimo 32, kete 64, ukitazama unaona kitu kidogo. Lakini namua, hatua ya kuingiza kete ubaoni, ina sheria zake na mtaji, kete zote zikishaingia, una zake; kichwa na kimbi, mashimo ya miishoni, vina zake, na kete zikianza kuzunguka zinaweza kuokota na kuendelea, kuokota na kuendelea, hata hujui zitalala lini. Kuna usiku simu ya majaribio ilizunguka hadi betri ikaisha. Tukakaa na mjomba jioni tatu mfululizo akitusomea sheria, na kila aliposema "hapa inategemea", programa alifunga macho.

Toleo la kwanza tulilipeleka chini ya mwembe mwezi Oktoba. Nililiweka kwenye simu yangu ya zamani yenye RAM ya GB 1 na kioo chenye ufa, makusudi, kwa sababu simu za namna hiyo ndizo zilizojaa kwenye lile daftari. Nikailaza kwenye benchi katikati ya mjomba na mpinzani wake wa siku zote. Wale wengine wakasogea.

Mjomba alivaa miwani, akainama, akakaa kimya muda mrefu. Kidole chake kilipita juu ya kioo bila kukigusa, shimo kwa shimo.

"Mwanangu, nyumba yangu mmeipeleka wapi?"

"Hiyo hapo mjomba, hiyo yenye kete sita."

"Hilo ni shimo," akasema. "Nyumba ina pembe."

Mashimo yote 32 tulikuwa tumeyachora mviringo. Nimelitazama bao tangu utotoni na sikuwahi kuona kwamba nyumba huchongwa mraba. Mchoraji hakusema neno. Alifungua kompyuta palepale kwenye benchi akaanza kuchora pembe nne, na kabla hajamaliza upande wa kwanza watu wawili walishainama juu ya bega lake, mmoja akisema ndogo, mwingine akisema la, acha, hivyo hivyo.