Marejeo ni ngamani

Jana nilipoitoa mashua yangu ndogo ya rimoti majini na kufungua kifuniko, kidole hakikukaa juu ya mota hata sekunde moja. Kipimajoto kilisoma nyuzi 94, na nilikuwa nimeikimbiza dakika tatu tu. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, na ikishapotea hivyo, kuzipooza hakuirudishi. Nikakaa ukingoni na mashua mapajani, maji yakinichuruzikia, nikaionea huruma kama punda aliyebebeshwa kuliko uwezo wake.

Wiki ya tatu sasa naitengeneza kwa ajili ya mashindano. Ni mashua ya sentimita 80, chini ina umbo la V. Mota yake haina brashi na imeandikwa KV 2000, yaani kila volti moja huizungusha mara 2,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Kwa betri ya seli tatu, volti 11.1, hiyo ni mizunguko 22,200. Nilipopanda seli nne, volti 14.8, ikawa 29,600. Kwenye karatasi inapendeza, lakini maji yana hesabu yake. Nguvu inayodaiwa na rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma maji, hupanda kwa kipeo cha tatu cha mzunguko, kwa hiyo ukiongeza mzunguko kwa theluthi moja, mota inadaiwa nguvu kama mara 2.4 ya ile ya mwanzo. Kidhibiti mwendo changu cha kwanza kilikufa kwa sababu hiyo. Nilibadilisha betri, nikaacha rafadha ile ile ya milimita 42, na moshi ukatoka kabla mashua haijapita boya la pili.

Safari hii nimeshuka hadi milimita 36. Kipenyo kina neno kubwa hapa, kwa sababu mzigo hufuata kipeo chake cha tano, hivyo zile milimita sita zinakaribia kufuta deni lote lililoletwa na seli ya nne. Na mwendo haupotei. Rafadha zote mbili zina hatua ya mara 1.4 ya kipenyo: ndogo husogea milimita 50 kila mzunguko, kubwa karibu 59. Ukizidisha kwa mizunguko, ile kubwa kwenye seli tatu inafikia kilomita 78 kwa saa, hii ndogo kwenye seli nne karibu 90. Maji hukata sehemu yake hapo, ila tofauti inabaki.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kusawazisha rafadha. Naivika kwenye kijiti cha chuma kilichonyooka, nakilaza juu ya nyembe mbili zilizosimamishwa sambamba, halafu nanyamaza. Bawa zito hushuka lenyewe, taratibu. Nalisugua msasa upande wa mgongo, kidogo sana, narudisha, nasubiri tena. Upande unaosukuma maji siugusi. Rafadha hii ni ya shaba iliyochanganywa na berili, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo nasugua ndani ya bakuli la maji na kuvaa barakoa. Juzi nilifika saa sita usiku. Mwishowe mabawa yalitulia popote nilipoyaacha, nami nikalala nimeridhika.

Lakini joto halikushuka. Nikaanza tezi, yaani nyuma. Nikainua mguu wa rafadha milimita moja, nikaurudisha, nikapima upya pembe yake. Nikachomoa shafti ya waya, nikaifuta, nikaipaka grisi mpya, nikahakikisha imebaki nafasi ya milimita 4 kati ya mguu na kishikio cha rafadha, maana waya ule hujisokota na kufupika ukibeba mzigo. Usipouachia nafasi unasaga. Hakuna kilichobadilika.

Nikaenda omo, yaani mbele. Pua ilikuwa inarukaruka kwa mwendo wa kasi, nami nikaamini mashua inapoteza nguvu kwa kupigapiga maji. Kitovu cha uzito kilikuwa sentimita 21 kutoka shetri, mwisho wa nyuma. Nikasogeza betri mbele mpaka kikafika 24, yaani asilimia 30 ya urefu, na pua ikatulia vizuri mno. Mashua ikawa inateleza kama imewekwa kwenye reli. Hiyo ndiyo mbio iliyonipa nyuzi 94.

Binti yangu alikuwa ameketi kwenye nyasi karibu nami. Akaniuliza, "Baba, mbona leo haikojoi?"

Maji ya kupoozea huingia kupitia usukani, hupita kwenye kidhibiti mwendo, huzunguka mota, kisha hutoka kwa tundu dogo ubavuni. Mashua ikikimbia, unauona uzi wa maji ukiruka pembeni. Yeye huutazama huo kila mara. Mimi nilikuwa natazama pua.

Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo huu nimeukuta tangu utotoni, na jana ndipo nilipoinama nikatazama ngama, chini kabisa ndani ya mashua, kwa tochi. Mpira wa silikoni ulikuwa umebanwa kati ya betri na ubavu wa mashua, umekunjika kama kona ya ukurasa. Nilipoisogeza betri kuituliza pua, niliikaba koo mota. Kabla ya hapo mpira ulikuwa umebanwa nusu, na ndiyo maana joto lilikuwapo tangu mwanzo.

Leo asubuhi nimeupitisha upande wa pili kwa mzingo mpana, nikauvisha springi nyembamba ili usikunjike tena, nikapuliza kwa mdomo mpaka pumzi ikatoka ubavuni bila kizuizi. Betri sikuirudisha nyuma.

Mchana tumeshuka tena majini, dakika tatu zile zile. Nilimkabidhi binti yangu kazi moja tu: asiangalie mbio, aangalie tundu. Alipiga kelele kila mashua ilipopita mbele yetu, "Inatoka! Inatoka!" Nilipofungua kifuniko, kidole kilikaa juu ya mota. Kipimajoto kilisoma nyuzi 51.

Betri nimezishusha hadi volti 3.8 kwa kila seli, shafti iko juu ya gazeti imepakwa grisi, na kifuniko nimekiacha wazi ngama ikauke.