Ngano Mpya na Waliokufa Maji

"Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." (Mathayo 25:35)

Wapendwa katika Bwana, tunapojiandaa kwa sikukuu ya mavuno nimekuwa nikimtafakari kasisi mmoja wa vijijini, Robert Stephen Hawker. Miaka ya 1830 alipangiwa Morwenstow, parokia ya wakulima juu ya majabali ya Cornwall, Uingereza. Ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 100 bila kasisi anayeishi na watu. Yeye aliishi nao mpaka alipofariki mwaka 1875.

Wengi humkumbuka kwa mavuno. Jumapili ya tarehe 1 Oktoba 1843 aliwaita waumini kumshukuru Mungu na kushiriki Meza ya Bwana kwa mkate wa ngano mpya. Sikukuu ya mavuno ya makanisa mengi ina mzizi wake pale.

Lakini mimi nimeguswa zaidi na jambo la mwaka uliotangulia. Septemba 1842 merikebu Caledonia, ya Arbroath huko Scotland, ilivunjika chini ya majabali yale. Mabaharia wote walikufa maji isipokuwa mmoja. Pwani ile, chombo kikivunjika, watu walikimbilia mbao na shehena. Hawker alitafuta watu. Hebu fikirini njia ya kushukia majabali yale: nyembamba, mwamba unateleza, na kurudi ni kupanda na maiti aliyeharibiwa na mawe. Nami naiona hiyo kuwa huduma ngumu kuliko mahubiri yoyote, maana humjui jina, wala hakuna ndugu wa kukuambia asante.

Aliwazika katika uwanja wa kanisa kwa ibada kamili, kama watu wake. Mabaharia zaidi ya 40 wamelala pale. Kwenye kaburi la wale wa Caledonia alisimamisha sanamu ya omo, yaani ya sehemu ya mbele ya chombo chao, mwanamke mweupe mwenye upanga na ngao. Ingalipo, siku hizi imehifadhiwa ndani ya kanisa, na nakala yake iko nje.

Kwa hiyo waliokuja kula mkate wa ngano mpya walikuja penye makaburi ya wageni, yenye umri wa mwaka mmoja tu. Na aliyewamegea mkate ndiye aliyewazika wale.

Kwetu, maiti asiyetambuliwa na ndugu hukaa mochwari, kisha huzikwa na manispaa. Kabla hatujapeleka mahindi na kuku madhabahuni, nawaomba wazee wa kanisa waulize hospitali kama tutaruhusiwa kwenda kuomba na kuimba kwenye mazishi hayo. Mimi nitakwenda. Wanakwaya wawili watatu wakijitokeza, wanitafute baada ya ibada.