Weye mbona hufi?

Michezo saba mfululizo sikuliwa usiku hata mara moja, na kwa ujinga wangu nikaiona hiyo ni sifa.

Mchezo wenyewe ni ule wa Mafia, wa kuwasaka wauaji waliojificha kati ya wachezaji, aliouanzisha Mrusi Dimitry Davidoff huko Moscow mwaka 1986. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akawageuza mafia kuwa mbwamwitu. Sisi Lamu tukawafanya fisi, ingawa kisiwani hapa wenye mitaa ni punda na paka. Ramadhani iliyopita tulikuwa tukicheza kwenye grupu la WhatsApp, baada ya tarawehe hadi karibu na daku. Wachezaji tisa: fisi wawili, daktari, mpelelezi, raia watano. Msimamizi humwandikia kila mtu pembeni yeye ni nani. Usiku fisi huchagua wa kumla, daktari humchagua wa kumlinda, mpelelezi humchunguza mmoja. Mchana tunashukiana, tunapiga kura, mmoja ananyongwa.

Mimi nilikuwa na dawa moja tu: aliyenyamaza ndiye. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," naandika, na watu wananifuata. Mara ngapi tumemnyonga mtu kumbe bando limemwishia, au yuko jikoni anampakulia babake daku!

Katika mchezo mmoja nikamnyongesha jirani yangu wa Mkomani kwa kosa hilohilo. Raia. Mmoja alikuwa ameshaliwa usiku wa kwanza; kulipokucha tena, mpelelezi naye keshaliwa. Tukabaki sita, fisi wote wawili bado wamo. Tukikosea tena, fisi wakila mmoja usiku, tutakuwa wawili kwa wawili, na fisi wakishalingana na wengine, wameshinda. Ndipo binamu yangu wa Shela akaandika: "Weye mbona hufi?"

Nilikasirika. Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Kwani ni kweli, mbona sifi? Fisi wana kila usiku wa kuninyamazisha, hawanigusi. Wanile ya nini, na mchana nawanyongea raia bure?

Nilikuwa nimekaa dakani, pale mlangoni, simu iko asilimia kumi na moja. Nikapandisha mazungumzo hadi juu na kuzisoma kura moja moja. Safari hii sikutazama nani kanipinga, nilitazama nani kaniunga mkono. Kura ya pili, nyuma yangu tu, ilikuwa ya mwalimu: "Naam, hata mimi namshuku." Basi, sababu hana. Na siku ile walionyamaza walikuwa wawili, jirani yangu na fundi wa majahazi. Mwalimu alimrukia mmoja, wa pili hakumtaja kabisa. Kama kimya ndicho kilichomtia shaka, mbona kimya cha fundi hakikumsumbua?

Nikayaweka hayo mbele ya watu. Mwalimu akajitetea kwa aya tatu, zote za kunitukana mimi, swali hakuligusa. Binamu alimpigia kura wa nne, kitanzi kikiwa tayari shingoni. Mwalimu akanyongwa: fisi! Nikaandika kwamba kesho ni zamu ya fundi, mwenzake huyo.

Usiku ule nikaliwa, kwa mara ya kwanza. Nakwambia nilifurahi. Maiti haruhusiwi kuandika, kwa hiyo nikakaa nikitazama waliobaki wakimzonga fundi: "Marehemu alimtaja, na angalieni yaliyomkuta!" Fundi akaapa. Wakamnyonga.

Alikuwa daktari.

Usiku uliofuata akaliwa mwingine, wakabaki wawili, na msimamizi akatangaza kuwa fisi wameshinda. Fisi wa pili alikuwa binamu yangu. Swali lake la mwanzo lilikuwa la kunitia kitanzi mimi. Lilipokwenda mrama, akamtoa mwenziwe kafara apate kuonekana safi.

Kesho yake nikamkuta barazani baada ya alasiri. Nikamwuliza, sasa mimi uliniulia nini, na nilikuwa nimeshashika njia ya kumnyonga daktari wetu wenyewe?

Akacheka. "Ungekuwa hai wangekuamini?"