Lulu chini ya godoro

Mwaka wangu wa tatu hapa Boston nilipata zamu ya usiku kwa bibi mmoja mjane, miaka tisini na ushei, kwenye nyumba ya ghorofa tatu. Kazi yangu ilikuwa kumgeuza ubavu, kumpa dawa saa nne na saa nane, na kukaa macho. Usingizi ukimkataa, tulitazama filamu za zamani. Usiku mmoja akaniambia, "Hii niliitazama na mama yangu nikiwa mtoto. Alicheka mpaka akalia." Nikasogeza kiti karibu na kitanda.

Filamu yenyewe ni My Man Godfrey ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Gregory La Cava. Tangu usiku ule nimeitazama mara nyingi, na nataka kuisema kwa Kiswahili, kwa sababu naamini sisi tunaobeba maboksi huku majuu tuna mengi ya kuona ndani yake.

Marekani ilikuwa katikati ya Mdororo Mkuu. Soko la hisa lilianguka mwaka 1929, benki zikafunga milango na akiba za watu zimo ndani, na kufikia mwaka 1933 karibu mtu mmoja katika kila wanne wa nguvu kazi alikuwa hana kazi. Waliopoteza nyumba walijijengea vibanda vya mbao na mabati, na vijiji hivyo wakaviita Hooverville, kwa jina la Rais Herbert Hoover waliyemlaumu.

Filamu inaanzia kwenye jalala kando ya East River, New York. Usiku yanafika magari ya kifahari. Matajiri wako hotelini wanashindana kukusanya vitu ambavyo hakuna anayevitaka, na kwenye orodha yao kuna "mtu aliyesahaulika". Maneno hayo Franklin Roosevelt aliyatumia redioni mwaka 1932 kuwatetea maskini. Hapa yamegeuzwa kuwa kitu cha kuokotwa, sawa na mbuzi. Binti tajiri, Cornelia Bullock, anamwahidi Godfrey, mmoja wa wanaoishi pale jalalani, dola 5 akubali kwenda kuonyeshwa. Godfrey anamsogelea, binti anarudi kinyumenyume mpaka anaangukia kwenye lundo la majivu. Mdogo wake, Irene, ndiye anayezungumza naye kama mtu, na kwa ajili yake Godfrey anakwenda.

Pale hotelini anasimamishwa mbele ya umati kuhakikiwa. Anaulizwa anwani yake, anataja jalala. Anaulizwa kama anatakiwa na polisi, anajibu kwamba hapo ndipo penye shida: hakuna anayemtaka. Bibi alicheka sana. Mimi nilikumbuka siku niliyopelekwa kwenye nyumba ya kwanza niliyofanya kazi huku, binti wa mwenye nyumba akaniangalia kuanzia viatu, kisha akamwuliza aliyenileta, si mimi, kama ninaelewa nikisemeshwa. Nilikuwa nimefundisha fasihi sekondari Tanga miaka saba.

Irene anampa Godfrey kazi ya utumishi mkuu wa nyumba, kazi wanayoiita batla. Carole Lombard aliyecheza Irene na William Powell aliyecheza Godfrey walikuwa wamewahi kuoana na kuachana mwaka 1933, na Powell mwenyewe ndiye aliyetaka Lombard apewe nafasi ile. Wanavyosikilizana, huwezi kudhani kuna talaka katikati yao. Ilikuwa filamu ya kwanza kuteuliwa kwa Oscar katika makundi yote manne ya waigizaji, na haikupata hata moja.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa Molly, mtumishi wa kike. Kuna mahali Irene anamkuta anashona kifungo cha koti la Godfrey huku analia. Irene anaelewa papo hapo, wote wawili wanampenda mtu mmoja, na anasema naye angependa siku moja amshonee vifungo vikikatika. Kwa dakika ile moja hakuna bosi wala mtumishi. Kisha filamu inampeleka Irene kwenye ndoa, Molly anabaki na sindano yake.

Na kuna lulu. Cornelia, kwa kisasi, anaficha mkufu wake wa lulu chini ya godoro la Godfrey, halafu anaita polisi. Godoro linafunuliwa, lulu hazipo, Godfrey alishaziona. Watu wanacheka hapo. Mimi sikuweza, kwa sababu nimewahi kuona mtumishi akipekuliwa, na ilikuwa nyumbani kwetu, Chumbageni, Tanga.

Nilikuwa na miaka tisa. Dada wa kazi alitoka milimani Lushoto, alikuwa na kama miaka kumi na saba. Mimi nilichukia bamia, na yeye alikuwa akinitolea bamia kwenye sahani kimyakimya kabla Mama hajaona. Siku moja hereni ya dhahabu ya Mama ikapotea. Vitu vyote vya dada vilikuwa kwenye mfuko wa rambo mmoja. Mfuko ukamwagwa uani, mbele ya majirani: gauni mbili, khanga, chanuo, barua ya kwao. Hereni haikuwemo. Jioni ile ile akapandishwa basi.

Katikati ya filamu tunaambiwa Godfrey ni mtoto wa familia kubwa ya hapa hapa Boston, aliyevunjika moyo kwa mapenzi na kwenda mtoni kujiua, akaokolewa na kuwaona watu wa jalala wakipambana bila kukata tamaa. Mwishoni zile lulu anazigeuza mtaji, anaiokoa familia ya Bullock na ufukara, anajenga klabu pale jalalani na kuwapa wenzake ajira. Hilo la ajira nalipenda kwa moyo wote. Ila hili la ukoo linaniuma. Filamu imetuonyesha kwamba mtu wa jalalani ana akili na heshima, halafu inatuambia alikuwa tajiri tangu mwanzo. Kwa nini asingekuwa mtoto wa mkulima na akabaki na heshima ile ile? Wala mimi sitaki niheshimiwe kwa sababu nilikuwa mwalimu. Yule dada hakuwahi kuwa mwalimu.

Asubuhi nilipotoka zamu nilimpigia Mama. Kwanza nikamwambia kazi ninayofanya, maana alikuwa anajua niko ofisini. Akasema, "Kulea mzee si aibu, baba." Kisha nikamwuliza habari ya hereni.

Akakaa kimya muda mrefu. "Niliipata. Ilikuwa kwenye upindo wa pazia."

"Ulimwambia?"

"Alikwishaondoka."

Mama alihangaika miezi miwili, akiulizia kwa watu wa Lushoto waliopo sokoni, mpaka akapata namba ya yule dada. Akampigia kwanza yeye mwenyewe. Walichozungumza sikuuliza. Halafu nikapiga mimi, nikatoa shikamoo, nikataja jina langu. Akanyamaza kidogo.

"Marahaba," akasema. "Siku hizi unakula bamia?"