Chumvi ya Tanga na baiskeli yako: kazi za kuifanyia nyumbani

Mji wetu ni tambarare. Kutoka Ngamiani hadi Raskazone hakuna kilima cha kukushusha, ndiyo maana samaki, nazi, mkaa na mikate vyote hapa hupita juu ya magurudumu mawili. Lakini baiskeli ya chuma inayodumu miaka mingi huko bara kwenye hewa kavu, huku pwani huanza kulia na kukaza mapema mno. Mwenyewe husema baiskeli za siku hizi ni feki. Nyingine ni feki kweli. Nyingi zinaliwa na chumvi tu, na chumvi mtu anaweza kuitangulia akiwa na spana nne na kopo la grisi.

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hunyonya unyevu. Kwa hiyo chuma chako hubaki na utando wa maji hata wiki ambayo haikunyesha, na maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji ya mvua. Kutu unayoiona kwenye rimu inaudhi macho lakini si hatari sana. Yenye hasara imejificha ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye nyuzi za nati na kwenye bomba la kiti.

Wabeba samaki wako kwenye hatari zaidi. Barafu ikiyeyuka ndani ya tenga, maji yake ya chumvi hudondoka moja kwa moja juu ya friwili (gia ya nyuma yenye meno inayovutwa na cheni), cheni na habu ya nyuma. Tandika nailoni nzito chini ya tenga, uiache ining'inie upande mmoja ili maji yamwagikie nje ya gurudumu. Ukifika nyumbani mwagia maji baridi ya bomba, futa kwa kitambaa kikavu, kisha tia oili kwenye cheni. Usielekeze mpira wa maji yenye nguvu kwenye habu, maana unayaingiza ndani yale uliyokusudia kuyatoa.

Habu ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na watu wengi huiogopa bila sababu. Ifanye mara mbili kwa mwaka, mara moja mwezi wa Machi kabla ya masika. Toa gurudumu, shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe polepole. Ukisikia kama kuna mchanga, grisi imekwisha au imeingia maji. Ukishika rimu ikacheza kushoto na kulia, koni, kile kipande cha kwenye ekseli kinachozibana gololi, imelegea.

Laza gurudumu juu ya sinia, si juu ya mchanga wa uani. Fungua nati ya kukazia upande mmoja tu, huku ukiizuia koni kwa spana nyembamba. Upande wa pili uache kama ulivyo, vinginevyo utapoteza kipimo cha ekseli na gurudumu litakaa upande. Chomoa ekseli taratibu, gololi ziangukie kwenye sinia, uzihesabu. Kwenye baiskeli zetu za kawaida, zile za muundo wa Phoenix, habu ya mbele huwa na gololi 10 kila upande, za inchi 3/16, na ya nyuma 9 kila upande, za inchi 1/4. Ukikuta idadi nyingine, huenda fundi aliyetangulia alikosea. Jaza kikombe, yaani kile kibakuli cha ndani ya habu zinamokaa gololi, mpaka kienee, halafu toa moja. Gololi zikibanana hazibingiriki, husuguana zenyewe kwa zenyewe na kuichimba koni.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukaushe. Sasa itazame koni kwenye mwanga. Mstari unaong'aa kuizunguka, laini na wa upana mmoja, ni mzuri. Ukiona vidoto vyeusi au ukucha ukikwama kwenye vishimo, badilisha koni, kwa sababu grisi haizibi kishimo. Gololi nazo badilisha zote pamoja. Ukichanganya mpya na zilizolika, zile mpya huwa kubwa kidogo na hubeba mzigo peke yake mpaka zipasuke.

Paka grisi nyingi kwenye kikombe, panga gololi ndani yake, zitanata. Grisi ya magari inafaa, ila ukipata ile ya mashine za boti chukua hiyo, haisombwi na maji kirahisi. Rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole mpaka mchezo uishe, kisha irudishe nyuma kama robo mzunguko. Lazima uache mchezo huo mdogo, kwa sababu nati ya kukazia ukiibana itaisukuma koni ndani kidogo. Wengi hukosea hapa: wanaiacha koni sawasawa kabisa, wanabana nati, gurudumu linakuwa zito, na baada ya miezi michache koni imeliwa. Ukimaliza, inua gurudumu ulizungushe polepole uliache. Likiwa sawa, sehemu nzito, mara nyingi ile ya valvu, itashuka chini yenyewe, ipite, irudi, iyumbe mara kadhaa ndipo litulie. Likisimama ghafla, legeza kidogo ujaribu tena.

Friwili haitaki grisi hata kidogo. Ndani yake kuna vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba, na grisi nzito huvigandisha, ukikanyaga pedeli inazunguka tupu. Laza gurudumu, dondosha mafuta ya taa kwenye ule mwanya kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka, zungusha mpaka yanayotoka chini yawe meupe, acha yachuruzike, halafu tia matone manne au matano ya oili safi.

Twende kwenye kotapini, ile pini inayoushika mkono wa pedeli kwenye ekseli ya kati. Ukikanyaga ukasikia "tak" kila mzunguko, au mikono miwili haiko kwenye mstari mmoja, pini imelegea au imelika. Ishughulikie siku hiyohiyo. Ukiendelea kuendesha, mkono utaitafuna ekseli, na ekseli ni ghali kuliko pini kumi.

Kuitoa kunahitaji adabu. Legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, usiivue, ndiyo inayolinda nyuzi. Kisha weka kipande cha bomba kizito chini ya mkono, kisimame sakafuni, pini iwe na nafasi ya kushukia ndani ya bomba. Sasa piga nyundo pigo moja zito lililonyooka. Vipigo kumi vidogo hupanua kichwa cha pini tu isitoke tena. Na bila bomba, nguvu yote inaingia kwenye gololi za kati na kutoboa vishimo kwenye vikombe vyake.

Pini mpya huja na ubapa ambao mara nyingi haujakaa sawa. Ijaribu, itoe, tazama imeng'aa wapi, sugua hapo kwa tupa kidogokidogo mpaka ubapa wote uguse ekseli. Pini mbili ziingie kwa kupishana: mkono wa kulia ukielekea mbele na nati ikiwa chini, basi na wa kushoto ukielekea mbele nati yake iwe chini. Ukizigeuza tofauti, mikono haitanyooka. Ingiza pini kwa nyundo kwanza ndipo ukaze nati. Ukiivuta kwa nati pekee, nyuzi zitakatika. Endesha siku mbili au tatu, gonga tena, kaza tena. Bila mara hii ya pili pini hulegea, na lawama zote humwangukia muuza duka.

Cheni ipime kwa rula. Weka sifuri katikati ya kipini kimoja, hesabu vipini 24 mbele. Cheni mpya itakupa inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na 1/8 imekwisha, na ukiiacha itayanoa meno ya friwili yawe kama ndoano. Ikiwa na klipu ya kufungia, upande wa klipu uliofumbwa uelekee inakokwenda cheni. Mwendo wa cheni wa juu na chini uwe kama sentimita 1 hadi 1.5. Oili ni tone moja kwa kila pingili kwa upande wa ndani, kisha futa ya juu yote. Oili chafu ya gari achana nayo, ina vumbi la chuma ndani yake. Mafuta ya kupikia nayo huganda yakawa kama gundi.

Kuziba pancha kila mtoto wa Ngamiani anajua, kwa hiyo mawili tu. Solusheni iache ikauke mpaka ising'ae, kama dakika tano, ndipo uweke kiraka. Kiraka kilichowekwa kikiwa kibichi huachia jua likiwaka. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, maana mwiba wa mkonge huvunjikia ndani na hauonekani kwa nje. Matundu mawili yaliyokaa pamoja maana yake upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu. Tundu likiwa upande wa rimu, chunguza spoki iliyotokeza.

Kuna kazi ya dakika kumi inayosahauliwa na wote: bomba la kiti na shingo ya usukani. Vichomoe mara moja kwa mwaka, sugua kutu kwa msasa, paka grisi, rudisha. Visipotolewa, kutu huvigandisha, na hapo utakayemwona ni fundi wa kuchomea vyuma. Kiti usikipandishe kupita alama iliyochorwa kwenye bomba. Kama haina alama, acha angalau sentimita 7 ndani ya fremu.

Unapofungua pedeli, ya kushoto ina uzi wa kinyume: inafunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Wengi wamekunja spana kwa kuikaza wakidhani wanaifungua. Ikigoma, dondosha mafuta ya taa jioni, ilale nayo, asubuhi jaribu tena kwa spana ya 15. Nyuzi zake zipake grisi kabla ya kuirudisha, na uianzishe kwa vidole, usiguse spana mpaka iwe imeingia mizunguko mitatu.